Kutafuta Hitilafu ya Mtandao kwa Utaratibu

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha siku hizi aweza kukuta shule ina kompyuta mbili tatu na ruta moja iliyotundikwa ukutani ofisini. Aweza pia kukuta kwamba siku aliyoiandalia somo, mtandao haupatikani. Hapo wengi wetu hukosea: tunazima hiki, tunachomoa kile, na mtandao ukirudi hatujui umerudishwa na nini. Ukipotea tena kesho yake, tunaanza upya.

Kabla ya kugusa kitu hatuna budi kuijua njia. Modemu hupokea mawasiliano kutoka kampuni ya simu, ama kwa waya wa shaba, ama kwa nyuzi za kioo, ama kwa laini kama ile ya simu ya mkononi. Ruta huyagawa kwa kompyuta zilizomo chumbani. Aghalabu vyombo hivi viwili hutiwa katika kasha moja, ndiyo maana watu huvidhania kuwa kimoja. Njia basi ina vipande vitatu: kompyuta hadi ruta, ruta hadi modemu, na modemu hadi kampuni. Kazi yetu ni kujua ni kipande kipi kilichokatika.

Swali la kwanza ni hili: je, mtandao umekosekana katika chombo kimoja au katika vyote? Tukijaribu kwa simu, tuzime kwanza data ya simu yenyewe, la sivyo itatumia kifurushi chake na kutudanganya kwamba ruta ni nzima. Ikiwa kompyuta moja tu ndiyo iliyokosa, tutazame anwani yake katika mipangilio. Ruta nyingi hutoa anwani zinazoanza na 192.168. Tukikuta 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Basi kasoro imo katika kipande cha kwanza, pengine waya uliolegea.

Vyote vikikosa, tuelekee mbele. Ikiwa ukurasa wa ruta wafunguka kwa anwani iliyobandikwa chini ya kasha, kipande cha kwanza ni kizima. Penye nyuzi za kioo, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu yaonyesha kwamba mwanga haufiki kutoka nje. Tuangalie kama waya umepindwa mno, kisha tuiarifu kampuni. Tusichungulie kamwe ncha ya waya huo kwa jicho. Penye laini ya simu, tuulize kwanza kama kifurushi kimekwisha. Swali hili huonekana dogo, lakini limetuokolea saa nyingi.

Kuzima na kuwasha ni dawa halali, mradi ifanywe kwa mpango. Vyombo vikiwa viwili, tuvizime vyote, tungoje nusu dakika, tuwashe modemu, na taa zake zikitulia ndipo tuwashe ruta. Lakini kile kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa pini ni jambo jingine. Mwaka mmoja mwanachuo wetu alikibonyeza kwa sekunde kumi hivi akidhani anawasha upya. Ruta ikarudi katika hali ya kiwandani: jina la mtandao, nywila na mipangilio ya kampuni vikafutika, na hakuna aliyekuwa ameviandika. Shule ilikaa siku mbili bila mtandao kwa hitilafu ambayo, kama ilivyobainika baadaye, ilikuwa waya uliochomoka.

Somo hili laweza kufundishwa hata pasipo ruta. Wanafunzi 16 wasimame katika mstari, wanong'onezane neno kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu amwagize mmoja wao kwa siri alipokee neno asilipitishe. Wasakaji wawili waliokuwa nje waingie, wamtafute kwa kumwuliza mwanafunzi yeyote, "Neno limekufikia?" Wengi huanza na wa kwanza na kumwuliza kila mmoja. Tusiwakataze. Mchezo ukirudiwa, tuwaambie wahesabu maswali yao. Baada ya muda mtoto mmoja atamwuliza wa tisa kwanza. Neno likiwa limemfika, mkosaji ni yeye au yuko mbele yake. Kama halikumfika, yuko nyuma. Wanabaki wanane, kisha wanne, kisha wawili, na swali la nne linamfichua.