Kabla ya Kumnunulia Kompyuta Mwanafunzi Mwenye Ulemavu

Mzazi au mlezi anayetafuta kompyuta kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ulemavu kwa kawaida huanza na swali la bei. Swali hilo ni la msingi, kwa kuwa ada, chakula na kompyuta hulipiwa kutoka mfuko mmoja. Hata hivyo, liko swali linalopaswa kulitangulia: ni nani atakayemfundisha mwanafunzi kuitumia? Kompyuta ambayo mwanafunzi hakufundishwa kuitumia huishia kabatini, hata ikiwa ni ya gharama kubwa namna gani.

Katika sura hii tunaeleza vifaa hivi hufanya kazi gani, vipi hupatikana bila malipo, mafunzo mazuri huendaje, na mambo gani yaulizwe kabla ya kutoa fedha. Tumetumia zaidi mfano wa mwanafunzi asiyeona, kwa sababu kwake tofauti kati ya kuwa na kifaa na kujua kukitumia huonekana wazi.

Teknolojia saidizi ni nini?

Teknolojia saidizi ni kifaa au programu inayomwezesha mtu mwenye ulemavu kufanya kazi ambayo vinginevyo angeifanya kwa shida au asingeweza kuifanya. Kwa mwanafunzi asiyeona, iliyo muhimu zaidi katika kompyuta ni kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha kompyuta na kila herufi inayoandikwa. Mwenye uoni hafifu huhitaji kukuza maandishi na kubadili rangi zake. Mwenye ulemavu wa mikono huweza kuhitaji kibodi inayoendeshwa kwa kidole kimoja. Kiziwi huhitaji video zenye maandishi ya maneno yanayosemwa.

Mengi yamo tayari, bila malipo

Kompyuta za Windows huja na kisoma skrini kiitwacho Narrator. Katika matoleo ya karibuni huwashwa kwa kubonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Kikuza maandishi huwashwa kwa kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta hukupa nafasi ya kuwasha mpangilio unaomwezesha mtu kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine, badala ya kuvishika vyote kwa wakati mmoja. Simu nyingi za Android nazo huja na kisoma skrini kiitwacho TalkBack.

Zaidi ya hivyo, ipo programu ya NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na James Teh. Wote wawili ni wasioona. NVDA hutolewa bure, na huweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa katika kompyuta nyingine ya Windows bila kusakinishwa humo. Kwa mwanafunzi anayetumia kompyuta za shule, hilo ni jambo kubwa.

Jambo moja lisisahaulike: lugha ya sauti. Sauti ya Kiingereza ikisoma maandishi ya Kiswahili hufuata kanuni za Kiingereza, hata neno «wake» likasikika kama «weik». Mwanafunzi anayesikiliza hivyo hudhani yeye ndiye asiyeelewa. NVDA huja na sauti ya Kiswahili pia. Si laini kama sauti ya mwanadamu, lakini hutamka silabi zetu kwa kiasi cha kueleweka. Hakikisha imechaguliwa kabla ya somo la kwanza.

Mafunzo mazuri huendaje?

Kosa la kawaida ni kumfundisha asiyeona kwa maneno ya anayeona. Maelekezo kama «bofya pale juu kulia» hayana maana kwa mtu asiyetumia kipanya. Mwalimu anayefaa hufundisha kwa kibodi tangu mwanzo hadi mwisho, naye mwenyewe huweza kufanya kazi hiyo huku kioo kimezimwa.

Hatua ya kwanza ni kuzijua herufi kwa vidole. Karibu kila kibodi ina kinundu kidogo juu ya F na J. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na kutoka hapo vitufe vingine hupimwa. NVDA ina msaada mzuri kwa anayeanza: akibonyeza Insert pamoja na 1, kila kitufe atakachogusa kitatajwa jina bila kufanya kazi yake. Kwa hiyo hujaribu bila hofu ya kuharibu kitu.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Mwanafunzi hujifunza kunyamazisha sauti kwa Ctrl, kusoma neno kwa neno au mstari kwa mstari kwa mishale, na kuongeza mwendo wa sauti kadiri sikio linavyozoea. Hatua ya tatu ni kuandika, kuhifadhi kazi na kuikuta tena siku ya pili. Intaneti huja baada ya hayo. Huko atajifunza kwamba herufi H humpeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, asilazimike kusikiliza ukurasa mzima.

Tunashauri pia mwalimu au mzazi asimshike mwanafunzi mkono na kumbonyezea. Kazi itamalizika haraka, lakini mwanafunzi hatakuwa amejifunza kitu. Aachwe akosee, asikie kilichotokea, kisha arudie.

Mafunzo haya hayamalizwi kwa siku mbili. Muuzaji anayeahidi «semina ya siku moja, mtoto anajua kila kitu» anaahidi asichoweza kutimiza.

Mipaka ya vifaa hivi

Kisoma skrini husoma maandishi, si picha ya maandishi. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa huweza kufunguka kwenye kompyuta na bado kisisomeke hadi programu nyingine iyatambue maandishi yake, na utambuzi huo hukosea. Iombe shule itoe maandishi yaliyochapwa, si picha za kurasa.

Aidha, kompyuta haiondoi haja ya nukta nundu. Anayesikiliza tu husikia neno, lakini haoni limeandikwaje. Tahajia na hesabu hujengwa pia kwa vidole. Usikubali kuambiwa kwamba kwa kununua kompyuta umemaliza habari ya nukta nundu.

Uliza haya kabla ya kulipa

1. Je, mwanafunzi mwenyewe amekijaribu kifaa? Aende naye dukani, akiwa na hedifoni zake.

2. Je, programu ninayouziwa ni ya bure? Muuzaji anaweza kudai malipo ya kazi ya kusakinisha, lakini asikuuzie NVDA kana kwamba ina bei.

3. Ikiwa ni ya kulipia, kama vile JAWS, leseni ni ya muda gani na kwa kompyuta ngapi? Nakala isiyo halali huweza kukoma kufanya kazi wakati wa mitihani.

4. Nani atafundisha, kwa saa ngapi, na je, amewahi kufundisha mwanafunzi mwenye ulemavu kama huu? Idadi ya saa iandikwe kwenye stakabadhi pamoja na bei yake.

5. Kikiharibika, kitatengenezwa wapi, na dhamana inahusu nini?

6. Shule inaruhusu kitumike darasani na katika mitihani? Uliza mwanzoni mwa mwaka, si mwezi wa mtihani.

Haki zako

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 24 ya Mkataba huo, inayohusu elimu, haikuishia kwenye majengo na vifaa. Inazitaka pia nchi kuajiri walimu wenye sifa, wakiwamo walimu wenye ulemavu, na kuwapa mafunzo watumishi wa elimu. Kwa hiyo mzazi anapoiuliza shule kuhusu mwalimu, haombi hisani.

Kama mnunuzi, una haki ya kupewa maelezo ya kweli. Tunza stakabadhi, tangazo la muuzaji na ahadi yoyote ya maandishi. Mafunzo uliyolipia yasipotolewa, mwandikie muuzaji kwanza ukitaja tarehe na kiasi ulicholipa. Asipojibu, peleka nakala za nyaraka hizo kwenye ofisi inayoshughulikia malalamiko ya watumiaji.

Ikiwa fedha ni chache, ushauri wetu ni huu: anza na kompyuta ya kawaida, hata iliyokwishatumika, maadamu ni nzima, weka programu ya bure yenye sauti ya Kiswahili, kisha fedha iliyobaki ilipie saa za mwalimu. Kifaa cha bei kubwa kinaweza kununuliwa baadaye, wakati mwanafunzi mwenyewe anaweza kusema kwa nini anakihitaji.