Damu ya watu wa Kyela na somo la kutodhaniana vibaya

Ateremkaye kutoka milima ya Rungwe kwenda Kyela huhisi joto kabla hajaiona tambarare. Baridi ya Tukuyu humwacha njiani, mashamba ya chai hubaki nyuma, na mbele yake hutandaa mashamba ya mpunga na kakao hadi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Hii ni nchi iliyoneemeshwa kwa maji. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka huko, na mvua zikizidi, mashamba na njia hufurika. Maji hayo ndiyo yanayotupa mchele wa Kyela, ambao sifa zake zimefika masokoni kote nchini. Maji hayohayo ndiyo yanayolea mbu.

Wiki hii, ndugu msomaji, tunapenda kueleza jinsi mbu hao, minyoo waliyoibeba, na Virusi Vya UKIMWI (VVU) vilivyokutanishwa katika utafiti mmoja uliofanyika Kyela. Matokeo yake yanamhusu kila mzazi, kila imamu, na kila mmoja wetu aliyewahi kumtazama mgonjwa akasema moyoni mwake: "Kajitakia."

Safari ya mtafiti

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Mkoa wa Mbeya, unaopitiwa na njia kuu za kwenda Zambia na Malawi, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa mapema na kwa nguvu. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Mbeya walishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani kuanzisha kazi ya utafiti ambayo leo iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Dk. Leonard Maboko na mwenzake Michael Hoelscher walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo.

Mmoja wa wataalamu waliojenga elimu yao juu ya damu iliyotolewa na watu wa Mbeya ni Christof Geldmacher, mtaalamu wa kinga ya mwili kutoka chuo hichohicho cha Munich. Kuanzia mwaka 2000, wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika vilabu vya pombe mkoani humo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, wakipimwa mara kwa mara. Jamii iliwatazama wanawake hao kwa jicho la dharau. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale ambayo wataalamu wameyajua kuhusu VVU katika ukanda wetu ilitoka katika subira yao ya kurudi tena na tena kutoa damu.

Swali la Geldmacher lilikuwa hili: kwa nini kwa mtu mmoja virusi huongezeka upesi, na kwa mwingine hukaa vikiwa vichache hata bila dawa? Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha jibu la sehemu. Miongoni mwa seli za kinga wamo askari wanaoziua seli zilizokwisha kuvamiwa. Wale ambao askari wao hao walizitambua sehemu kadhaa za protini ya ndani ya kirusi, iitwayo Gag, ndio waliokuwa na virusi vichache zaidi katika damu. Ni mfano wa mlinzi anayemjua mwizi kwa sura, kwa sauti na kwa mwendo. Mwizi akibadili vazi, mlinzi huyo hadanganyiki kwa urahisi.

Swali la pili lilihusu kifua kikuu. Kwa muda mrefu madaktari waliona kuwa mwenye VVU hupata kifua kikuu mapema, hata kabla kinga yake haijashuka sana. Mwaka 2008 kundi hilo la watafiti lilionesha kwamba seli za CD4 zilizofunzwa kupambana na vimelea vya kifua kikuu hutoweka mapema baada ya mtu kuambukizwa VVU. Mwaka 2010 wakaeleza sababu. Ili kirusi kiingie katika seli, hupitia milango maalumu iliyo juu ya ukuta wake. Baadhi ya seli za kinga hutoa kemikali inayouziba mlango mmojawapo. Seli za kifua kikuu hutoa kemikali hiyo kwa uchache, hivyo mlango hubaki wazi, na ndani yake hukutwa virusi vingi zaidi.

Hapo lilizaliwa wazo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Hatari ya VVU hutegemea kule mtu alikokutana na kirusi, na hutegemea pia hali ya askari wake siku hiyo: wametulia, au wameamshwa na vita nyingine?

Vita nyingine ya Kyela

Watu wa Kyela waliijua vita hiyo kwa miaka mingi. Matende na mabusha husababishwa na minyoo wembamba mfano wa nyuzi, wanaosambazwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa miaka mingi katika mirija ya limfu, na watoto wao huzunguka katika damu, hasa usiku. Wengi wenye minyoo hao hawana uvimbe wowote wa kuonekana. Wanalima, wanavua, wanalea, na hawajui kwamba kinga yao inapigana mchana na usiku.

Kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti wa Mbeya walizifuatilia kila mwaka kaya 4,283 zenye watu wapatao 18,000, katika maeneo tisa ya kusini magharibi mwa nchi. Kyela lilikuwa mojawapo, na watu 2,699 wa huko walishiriki katika uchunguzi wa uhusiano wa minyoo na VVU. Miongoni mwao, 1,055 wenye umri wa miaka 14 hadi 65, ambao mwanzoni hawakuwa na VVU, ndio waliotumika katika hesabu ya mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa Inge Kroidl. Geldmacher, Maboko na Hoelscher ni miongoni mwa waandishi wenzake.

Katika muda wa ufuatiliaji, watu 32 waliambukizwa VVU. Kwa wasio na minyoo ya matende, maambukizi mapya yalikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu mia kwa mwaka. Kwa wenye minyoo yalikaribia wawili. Hatari ilizidi maradufu. Watafiti hawakuishia hapo. Walizingatia katika hesabu zao umri, jinsia, mwenendo wa kujamiiana na maradhi mengine, na bado tofauti hiyo haikuondoka.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti mwingine uliotazama ndani ya seli zenyewe. Miongoni mwa walioufanya ni Mtanzania mwenzetu, Dk. Mkunde Chachage, ambaye kabla ya hapo alikuwa amechunguza minyoo ya tumbo na VVU huko Mbeya. Ilionekana kwamba wenye minyoo ya matende wana seli nyingi zaidi za CD4 zilizoamshwa. Seli iliyoamshwa ndiyo ambayo VVU huingia na kuzaliana ndani yake kwa wepesi.

Tahadhari mbili

Yapo mambo mawili yasiyopaswa kupotoshwa. La kwanza, mbu haambukizi VVU. Mbu husambaza minyoo, na minyoo huiamsha kinga. VVU huingia kwa njia zilezile tunazozijua: kujamiiana, damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. La pili, utafiti huu haukuifanya zinaa kuwa jambo jepesi, wala haukuuondoa wajibu wa kuilinda heshima ya ndoa. Kwa asiyejihadhari, hatari ipo hata kama hana mnyoo hata mmoja. Aidha, watu 32 si wengi, na utafiti wa namna hii huonesha uhusiano. Peke yake hauthibitishi kwamba minyoo ndiyo chanzo.

Hata hivyo, wanaopenda kuhukumu wametolewa hoja mkononi. Wawili wanaweza kuishi maisha yanayofanana, mmoja akaambukizwa na mwingine akasalimika, na sababu ikawa mbu aliyemuuma mmoja wao shambani miaka mingi iliyopita. Mke aliyetulia nyumbani kwake anaweza kuambukizwa na mumewe. Mtoto huzaliwa nacho kirusi kabla hajajua jema wala baya. Anayesimama msikitini au mazikoni akasoma dhambi ya mtu katika maradhi yake anadai elimu asiyokuwa nayo. Sura ya Al-Hujurat imetukataza dhana mbaya na kupeleleza aibu za wenzetu, na sasa hata maabara inatuonesha jinsi dhana hiyo inavyokosea.

Aibu hiyo huua. Anayeogopa kuonekana haendi kupima. Aliyepima hujificha kumeza dawa za kufubaza virusi, kisha huziacha. Naye mwenye busha hukaa na mateso yake miaka ishirini kwa kuona haya, hali upasuaji wake unajulikana na unafanyika hospitalini.

Yaliyo mikononi mwetu

Habari njema ni kwamba vita ya minyoo inashindika. Kabla ya kingatiba kuanza kugawiwa Kyela, zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne walikuwa na dalili za minyoo hiyo katika damu. Tangu mwaka 2009 zilianza kugawiwa dawa za ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka, kwa watu wote wanaoruhusiwa kuzimeza. Vipimo vilivyofanywa mwaka 2019 vilikuta kwamba minyoo hiyo imekuwa nadra. Mafanikio hayo yalikuja kwa sababu watu walikubali kumeza dawa mwaka hadi mwaka, hata wale waliojiona wazima, na hata pale uvumi uliposema kwamba dawa hizo zinaharibu uzazi.

Kwa hiyo tunawausia wazazi wa Kyela, Ipinda, Matema na kwingineko penye maji na mbu: wagawaji wa kingatiba wakija, familia nzima iwapokee, isipokuwa wale ambao wahudumu watawaeleza wasubiri, kama mama mjamzito. Watoto walale ndani ya chandarua. Mifereji na madimbwi ya karibu na nyumba yafukiwe. Vijana wanaotaka kuoana wapime kabla ya akdi, na walii wasione haya kuliuliza hilo, kwani kulinda uhai ni katika makusudio ya dini yetu. Aliyekutwa na VVU ameze dawa zake bila kukatiza. Akidumu nazo hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na mama mjamzito anaweza kujifungua mtoto asiye na kirusi.

Maimamu wetu nao tunawaomba jambo moja. Katika khutba ya Ijumaa inayogusa maradhi haya, pamoja na kuionya jamii dhidi ya zinaa, wapatikane dakika chache za kumwombea mgonjwa, na za kumwambia hadharani kwamba safu ya swala ni yake pia. Huenda katika safu hiyo yupo anayesubiri kulisikia neno hilo ili kesho yake aende kupima.