Walichoniuliza kuhusu ndizi: mahojiano ya uanagenzi katika kampuni ya mtaji

Nilipompigia mamangu simu kumwambia kwamba nimeitwa Nairobi kwa mahojiano katika kampuni inayotoa pesa kwa biashara changa, aliniuliza swali moja tu: "Wanakopesha kwa riba?" Nikamwambia hawakopeshi, wananunua sehemu ya biashara. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao ni washirika, si benki."

Mamangu hakusomea biashara. Lakini kwa maneno hayo alikuwa amejibu swali ambalo mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nilikuwa nimelikosa wiki tatu kabla yake katika kampuni nyingine. Naandika haya kwa sababu vijana wetu wa Pwani hawaombi nafasi hizi, na wachache wanaoomba huingia kwenye mahojiano wakiwa kama nilivyokuwa mimi siku ile ya kwanza.

Nilikuwa nasomea biashara Chuo Kikuu cha Kisii, mbali na nyumbani. Kama ilivyo katika kozi nyingi, kuna miezi mitatu ya uanagenzi, yaani atachimenti, ambayo lazima uifanye ndipo uhitimu. Wenzangu walikwenda benki na katika ofisi za kaunti. Mimi nilitaka kampuni za mtaji wa ubia.

Hizi kampuni hufanya nini?

Kampuni ya mtaji wa ubia hukusanya pesa kutoka kwa matajiri, mifuko ya pensheni na mashirika, ikaziweka katika biashara changa na kupewa hisa. Nairobi ziko kadhaa. Savannah Fund ilianza mwaka 2012 ikiongozwa na Mbwana Alliy, ambaye asili yake ni Tanzania. Zipo pia Novastar Ventures na TLcom Capital. Kwa kawaida mfuko mmoja huishi miaka 10 hivi. Wanaousimamia hulipwa ada, mara nyingi asilimia 2 kwa mwaka, na faida ikipatikana huchukua asilimia 20 hivi.

Biashara ikifa, pesa zimekwenda. Hakuna atakayekuja kukunadia nyumba. Ndiyo maana hesabu yao si ya benki. Katika biashara 10 walizoweka pesa, nyingi hufa au hurudisha kidogo. Moja au mbili ndizo hutarajiwa kukua sana na kufidia hasara za zote. Kwa hiyo hawatafuti biashara nzuri tu. Wanatafuta biashara inayoweza kukua mara 10, mara 20 au zaidi.

Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Aliyepita madrasa amesikia habari za mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, faida wanagawana kwa mapatano, na mali ikipotea bila uzembe wa mfanyakazi, hasara ni ya mwenye mali. Musharaka nayo ni ya washirika wote kutia mali, na hasara hugawanywa kwa kadiri ya mali ya kila mmoja. Kununua hisa kunakaribiana sana na hii ya pili. Lakini tahadhari: mikataba mingine huanza kama mkopo wenye riba, kisha ukageuzwa kuwa hisa. Anayejali hilo aulize mapema, wala si aibu kuuliza.

Mahojiano ya kwanza: nilivyoanguka

Katika kampuni ya kwanza niliingia na suti ya kuazima na misamiati niliyoihifadhi kama mtoto anayehifadhi juzuu. Swali la kwanza lilikuwa: "Kwa nini huku na si benki?" Nikajibu eti napenda teknolojia.

Wakanipa hesabu. Biashara ina thamani ya shilingi milioni 40 kabla ya mwekezaji kuingia. Mwekezaji anatia milioni 10. Anapata asilimia ngapi? Nikasema 25 bila kufikiri. Jibu ni 20, kwa sababu pesa zake zikishaingia biashara nzima ni milioni 50, na 10 ndani ya 50 ni moja ya tano. Hesabu ya darasa la sita, na mimi nimeikosa mbele ya watu.

Halafu wakaniuliza ni biashara gani ningeiwekea pesa. Nikawaeleza wazo langu: programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima wa ndizi wa Kisii na Nyamira na wanunuzi wa Nairobi na Mombasa. "Tutamwondoa dalali," nikasema kwa majivuno. Dada mmoja aliyekuwa akiandika akainua kichwa. "Dalali ni nani? Umewahi kuzungumza naye?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi Kisii karibu miaka mitatu.

Daraja Mbili

Nilipopata mwaliko wa pili, nilikuwa na siku tisa. Sikufungua kitabu. Nilikwenda soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, alfajiri, ndizi zinaposhushwa. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, wenzake wakimwita omong'ina kwa heshima. Nikamwamkia "Bwakire" kwa lafudhi yangu ya Kimvita, wakacheka wote, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Siku tatu nilikaa kwake, siku moja nikapanda naye pikapu hadi mashambani Nyamira kupitia Keroka.

Alinionyesha daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na la kwake lilikuwa limeandikwa kila kitu. Wiki ile alinunua mkungu kwa shilingi 350 shambani, akalipa 50 za kusafirisha, akauza 500 sokoni. Nikadhani anapata faida ya 100 kwa kila mkungu. Akatikisa kichwa. "Na iliyooza?" Katika mikungu 10, mmoja humharibikia. Basi gharama ya 10 ni 4,000, anauza tisa kwa 4,500, anabaki na 500. Faida ya kweli ni 50 kwa kila mkungu alionunua.

Lakini kurasa za nyuma za daftari ndizo zilizoninyamazisha. Zilikuwa na majina ya wakulima na pesa alizowakopesha bila riba: karo ya muhula wa kwanza, dawa, matanga. Wao humlipa kwa ndizi zikikomaa. Dalali niliyetaka kumwondoa ndiye aliyekuwa benki yao, msafirishaji wao na bima yao. Programu yangu ingemwondoa yeye, nani angelipa karo ile ya Januari?

Mahojiano ya pili

Safari hii waliokaa mbele yangu walikuwa watatu. Walipouliza kwa nini si benki, nikawapa maneno ya mamangu: benki hukopesha na kudai, nyinyi mnashiriki faida na hasara, nami nataka kujifunza namna mshirika anavyochagua mwenzake. Wakatabasamu.

Kisha likaja swali la ukubwa wa soko. Hapa hawatafuti jibu sahihi, wanatazama unavyofikiri, kwa hiyo sema hesabu yako kwa sauti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Nikakadiria nyumba 450,000 kwa kaunti zote mbili. Tuseme thuluthi moja huuza ndizi: nyumba 150,000. Kila nyumba mikungu miwili kwa mwezi: mikungu 300,000. Programu ikitoza shilingi 20 kwa mkungu, ni milioni 6 kwa mwezi, milioni 72 kwa mwaka, na hiyo ni kama kila mtu ataitumia. Akiitumia mmoja katika kumi, ni milioni 7.2.

Mkubwa wao akauliza, "Sasa wewe ungeiwekea pesa zetu?"

Hapo moyo ulinidunda, maana wazo lilikuwa langu na nafasi nilikuwa naihitaji. Nisipoipata, ningechelewa kuhitimu, na mamangu angetafuta karo ya muhula mwingine. Nikasema hapana. Milioni 7.2 kwa mwaka inaweza kulisha familia na kuajiri vijana wachache, lakini haiwezi kufidia hasara za biashara nyingine tisa. Na zile shilingi 20, kwa mikungu tisa inayouzwa, ni 180 kati ya faida ya 500 ya omong'ina. Zaidi ya thuluthi ya riziki yake. Angeifuta programu siku ya pili.

Wakanitajia Twiga Foods, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuwauzia ndizi wachuuzi wa Nairobi. Mwaka 2021 ilitangaza kupata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji, na mwaka 2023 ikawa inapunguza wafanyakazi. Copia nayo, iliyokuwa ikiwafikishia bidhaa watu wa mashambani, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Wakaniuliza najifunza nini. Nikasema pesa nyingi hazipunguzi gharama ya barabara, wala haziizuii ndizi kuiva. Tukazungumza hilo kwa nusu saa, nikasahau kwamba nahojiwa.

Baada ya siku nne walinipa nafasi. Posho ilitosha chumba na nauli, si zaidi, na hilo pia liulize kabla ya kufunga safari, kwani Nairobi haina huruma.

Kwa anayetaka kujaribu

Kwanza, chagua biashara moja unayoweza kuifikia kwa miguu, uijue hadi senti ya mwisho: inanunua kwa ngapi, inauza kwa ngapi, nini huoza, nani anakopesha. Pili, fanya hesabu ya hisa hadi usingizini. Tatu, jitayarishe kutaja biashara moja usiyoweza kuiwekea pesa, na sababu zake. Nne, usione haya kusema "sijui, lakini ningemuuliza fulani." Tano, kaa na wanaojenga biashara. Hapa Mombasa tunayo SwahiliPot Hub, karibu na Fort Jesus. Mlango uko wazi.

Wala huhitaji kwenda Kisii. Malori ya ndizi hushusha mzigo Kongowea kila siku. Amka kabla ya jua, nenda na kalamu, umuulize yule mama unayepita kando yake kila siku kilichomo katika daftari lake. Biashara asubuhi, jioni mahesabu.