Je, Wajua? Siri za Mpira Mdogo Kama Ndimu

Ukitaja mpira Bukoba, macho ya watu yanageukia uwanja wa Kaitaba. Leo naomba tuyageuzie kwenye mpira mwingine, ule mweupe wa gofu unaoenea kwenye kiganja cha mtoto. Nimeupenda tangu nilipojua kilichomo ndani yake. Na ninaamini wengi wanaoucheza wananunua usiowafaa.

Lugha yetu iliujua mpira kabla ya kiwanda

Kiswahili kinatumia neno moja, mpira, kwa kitu kinachodunda na kwa utomvu unaokifanya kidunde. Katika karne ya 19 utomvu huo ulikingwa kwenye mimea inayotambaa ya misitu ya pwani yetu. Mmoja wake wanasayansi waliupa jina la Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar. Mbungo, unaotupa ile juisi tamu ya mabungo, ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo mnywaji wa juisi ya mabungo Forodhani ana undugu wa mbali na mcheza gofu!

Una uzito wa yai, lakini Ziwa Victoria haliubebi

Sheria za gofu zinasema mpira usizidi gramu 45.93, na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Ni uzito wa yai dogo la kuku wa kienyeji, na mpira wa miguu mmoja unalingana na tisa kama huo. Ukipiga hesabu ya uzito na ujazo, unakuta ni mzito kuliko maji kwa takriban asilimia 13, hivyo ukiurusha ziwani pale Kemondo utazama moja kwa moja. Kwenye Bahari ya Chumvi, kati ya Yordani na Israeli, mpira huohuo ungeelea.

Watoto wa Muleba na tajiri wa Ohio walifikiria jambo moja

Mpira uliobadilisha gofu ya dunia ulitengenezwa kwa kuzungusha uzi. Mwaka 1898 Coburn Haskell, Mmarekani wa jimbo la Ohio, alishirikiana na mtu wa kiwanda cha mpira kule Akron. Walichukua nyuzi za mpira, wakazivuta kwa nguvu na kuzizungusha juu ya kiini hadi likatokea donge gumu, kisha wakalivika ganda. Mpira huo uliruka mbali kuliko yote iliyotangulia, na mtindo wa kuzungusha uzi ulitawala viwanja kwa karibu miaka 100.

Sasa nenda Kamachumu, Muleba, au kijiji chochote chenye migomba umtazame mtoto akitengeneza mpira. Anakusanya majani makavu, anayafinyanga yawe kiini, kisha anazungusha kamba za mgomba juu yake, akivuta kila mzunguko. Akilegeza mkono, mpira unakuwa mwororo na hauendi mbali. Akikaza, unakuwa mgumu na unauma mguu. Mtoto huyo anaijua tayari siri ambayo makampuni makubwa yanaiuza kwenye maboksi: ugumu wa mpira hupimwa kwa mguu utakaoupiga.

Zamani ndani yake mlikuwa na manyoya

Kabla ya mwaka 1848, mafundi wa Uskoti walishindilia manyoya ya bata bukini yaliyolowa ndani ya kifuko cha ngozi iliyolowa, manyoya ya kujaza kofia nzima. Yakikauka yalivimba huku ngozi ikisinyaa, na mpira ukawa kama jiwe. Mpira mmoja uliweza kugharimu kuliko fimbo ya kuupigia.

Pigo huisha kabla jicho halijajua

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Kope linapopigwa mara moja, mapigo 200 ya namna hiyo yangekuwa yamekwisha. Ndani ya mguso huo mmoja mpira unatoka kwenye utulivu kamili hadi karibu kilomita 200 kwa saa, hata kwa mpigaji wa kasi ndogo. Nguvu inayohitajika, ukiikokotoa kwa fizikia ya sekondari, ni kama uzito wa nusu tani. Magunia matano ya mahindi ya kilo 100 juu ya yai moja la kienyeji!

Mpira haupasuki, bali unabonyea kama chapati, kisha unajirudi na kuruka.

Ulaini una namba yake

Kipimo cha kubonyea kwa mpira wa gofu huitwa mgandamizo, na kwa mtindo wa zamani kilihesabiwa kinyume na unavyotarajia. Mpira usiobonyea hata kidogo chini ya mzigo ulipewa 200, na uliobonyea milimita tano ulipewa sifuri. Namba kubwa ni ugumu, ndogo ni ulaini. Kwa hesabu hiyo mpira wa 40 hubonyea milimita 4, karibu nusu ya urefu wa punje ya kahawa, na wa 90 haufiki milimita 3.

Tofauti hiyo ya milimita moja na kidogo ndiyo inayojaza rafu za madukani. Mpira laini kama Callaway Supersoft uko kwenye namba za 30 hivi. Titleist Pro V1, unaopendwa na mabingwa, unakaribia 90. Siri iko jikoni: kiini cha mpira wa leo ni mpira wa viwandani unaochanganywa na kemikali za kuukaza. Kemikali zikiwa nyingi, kiini kinakuwa kigumu, kama ugali uliozidishiwa unga.

Kila mtu anaubonyeza, hata babu

Wapo wanaoamini kwamba mwenye mikono dhaifu hawezi kuubonyeza mpira mgumu. Si kweli! Chini ya ile nusu tani, kila mpira hubonyea. Kinachobadilika ni faida.

Mpigaji mwenye kasi kubwa akitumia mpira laini sana, mpira unabonyea kupita kiasi, nishati inapotea ndani yake na umbali unapungua. Mpigaji wa taratibu hapati hasara hiyo, au anaipata kidogo mno. Badala yake anapata mambo matatu mazuri. Mkono hausikii mshtuko. Mpira haujizungushi sana unapopigwa kwa fimbo ndefu, hivyo haupindi kirahisi kwenda kichakani. Na bei yake mara nyingi ni kama nusu ya ile ya mpira wa mabingwa. Nikiulizwa mimi, hilo la kutopinda peke yake linatosha.

Kuna mahali mpira laini wa bei nafuu unashindwa, nako ni karibu na shimo. Ganda lake kwa kawaida si lile la yurethani linaloshika fimbo na kuusimamisha mpira ghafla, basi ukitua huendelea kubingirika. Anayejua hivyo huutua mapema kabla ya shimo na kuuacha utembee.

Wanawake mabingwa hupiga kwa kasi ya wanaume wa kawaida

Wachezaji wa kulipwa wa kike nchini Marekani huzungusha fimbo kwa wastani wa kilomita 150 hivi kwa saa, kasi inayokaribiana sana na ya mwanamume wa kawaida anayecheza kujifurahisha. Wanaume wa kulipwa hufikia kama 184, zaidi ya mara mbili ya kasi ya 80 inayoruhusiwa kwa basi la Bukoba kwenda Mwanza. Lakini waweke yule mwanamume wa kawaida na bingwa wa kike uwanja mmoja: atashindwa vibaya, kwa sababu pigo la bingwa hukutana na mpira katikati kabisa ya fimbo.

Mpira laini juu hauruki

Usoni mpira una vishimo kati ya 300 na 500, na bila hivyo ungeruka karibu nusu tu ya umbali wake. Wachezaji wa karne ya 19 waligundua kwamba mpira uliochubuka ulikwenda mbali kuliko mpya, wakaanza kuichubua mipira yao kwa makusudi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor wa Leicester akasajili hataza ya vishimo. Hivyo uchague ulaini wa ndani, na uso uuache na makovu yake.

Hewa ya Bukoba inasukuma, mvua yake inazuia

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Pigo la mita 180 Upanga, Dar, lingefika kama mita 187 Bukoba, kwa mkono uleule na mpira uleule. Ila Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Kwenye nyasi zilizolowa mpira haubingiriki, na asubuhi ya baridi huwa mgumu zaidi. Katika ukanda wetu mpira laini unajilipa kwa namna hiyo pia.

Ziwa letu lina gofu ya zamani, na viboko wamo kwenye sheria

Klabu ya gofu ya Entebbe, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hili hili, ilianza mwaka 1901. Jinja nako kuna kanuni maarufu ya uwanja: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauchukua na kuuweka pembeni bila adhabu.

Na lile jina la viwanja vya Gymkhana, vya Bukoba mjini, Dar es Salaam na Arusha? Linatokana na neno la Kihindi, gend-khana, yaani nyumba ya mpira. Tumekuwa tukilitamka miaka yote hiyo bila kujua maana yake.

Sasa upi ni wako?

Piga kwa fimbo yako ndefu kuliko zote mara kumi, kisha hesabu hatua. Kama mapigo mengi yanaishia kati ya mita 150 na 190, wewe ni wa kasi ndogo, pamoja na wazee wengi, vijana wanaoanza na sehemu kubwa ya wacheza gofu duniani. Tafuta boksi la mipira yenye mgandamizo wa chini ya 60, ucheze nalo mashimo 18 yote, halafu ucheze tena na lile la bei kubwa. Andika alama zako pembeni ya kila shimo, maana mkono unasahau haraka, na uache karatasi ikuambie.