Shahada ya Biashara Haikufanyi Mfanyabiashara

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali linaloletwa na wazazi na wanafunzi huku Iringa na Mbeya ni lile lile la mwaka jana na mwaka juzi: asome biashara au uhandisi? Mara nyingi anayeuliza amekuja na jibu lake mfukoni. Ameshaambiwa na jirani au mjomba kwamba uhandisi ni wa kuajiriwa na biashara ni ya kujiajiri, na kwa kuwa ajira hakuna, basi biashara. Maneno haya yamesemwa mpaka yamekuwa kama sheria. Si kweli, na yanawapeleka vijana wenye alama nzuri za hesabu na fizikia kwenye kozi wasiyoitaka, wakatafute humo kitu ambacho hakimo.

Soma orodha ya masomo ya shahada yoyote ya uhasibu, fedha au utawala wa biashara. Utakuta uhasibu wa fedha, uhasibu wa gharama, kodi, ukaguzi, takwimu, sheria za biashara, usimamizi wa wafanyakazi. Haya ni masomo ya mtu atakayeingia mahali ambapo mtaji upo, wateja wapo na vitabu vya hesabu vimeshafunguliwa, avitunze, avikague, amweleze mwenye mali kama anapata faida au anakula mtaji. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilipoanzishwa mwaka 1965, nchi changa ilihitaji Watanzania wa kushika hesabu na kuongoza ofisi. Vyuo vilivyofuata vimeendelea na kazi hiyo, na ni kazi ya heshima. Ngazi ya taaluma yenyewe inaonyesha hivyo: baada ya shahada, mhitimu wa uhasibu anafanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hadi apate cheti cha CPA, na wanaoitafuta CPA ni benki, halmashauri, mashirika na kampuni za ukaguzi. Yaani hii inayoitwa kozi ya kujiajiri imefumwa kwa ajili ya mwajiri, mwanzo hadi mwisho. Somo la ujasiriamali lililochomekwa ndani yake halibadilishi kitu, maana siku hizi wanafunzi wengi wa uhandisi nao wanalisoma.

Anayetaka kuona biashara inaanzia wapi asimame Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, yanapopita malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Kongo. Lori limepanda Kitonga na mzigo, limefika likichemsha. Likishapoa, fundi anafungua rejeta, anaona mafuta yanaelea juu ya maji, na kabla hajagusa spana anajua pa kuanzia: gasketi ya silinda hedi. Biashara ni hapo. Ni kulijua tatizo ambalo mwenye lori halijui, kuitambua spea halisi na ya kughushi, kukadiria kazi itachukua saa ngapi, ndipo utaje bei. Ukitaja bei kabla ya kujua hayo, hasara ni yako. Mhasibu mzuri atamwonyesha fundi huyu kwamba madeni anayodaiwa yamezidi anayodai, kwamba mkopo unamla, kwamba kodi ameikadiria vibaya. Ni msaada mkubwa, na gereji hufa kwa kuukosa. Lakini mhasibu hana cha kuhesabu mpaka awepo anayejua kutengeneza.

Nitaambiwa: mbona mfanyabiashara Reginald Mengi alikuwa mhasibu? Kweli, lakini yafuate maisha yake kwa mpangilio. Alisomea uhasibu Uingereza, akarudi, akafanya kazi miaka mingi katika kampuni ya ukaguzi ya Coopers & Lybrand mpaka akaiongoza, na biashara yake aliianza kwa kuunganisha kalamu za wino. Uhasibu ulimpa mshahara na jicho la kusoma hesabu. Kalamu ndizo zilizomfanya mfanyabiashara. Ali Mufuruki, aliyeanzisha kampuni ya Infotech, alisomea uhandisi wa mitambo Ujerumani. Said Salim Bakhresa, mfanyabiashara mwingine mkubwa, aliacha shule akiwa na miaka 14. Sioni kozi inayoweza kudai imewazaa wote watatu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wahandisi nao wako mitaani. Wako. Shahada ni miaka 4, na baada yake ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, inataka mhitimu apate uzoefu wa miaka 3 chini ya msimamizi ndipo asajiliwe kuwa mhandisi kamili. Kwa hiyo simwahidi mtu ajira. Ninachokataa ni kukisia soko la miaka 7 ijayo, ambalo hata anayekushauri halijui. Badala yake tazama milango, maana hailingani. Uhandisi kwa kawaida unadai hisabati ya juu na fizikia za kidato cha sita. Mwenye PCM (fizikia, kemia, hisabati) akibadili mawazo, kozi nyingi za biashara zinampokea. Mwenye ECA (uchumi, biashara, uhasibu) au HGE (historia, jiografia, uchumi) akibadili mawazo, uhandisi haumpokei. Hata baada ya shahada, mhandisi anaweza kusoma uzamili wa biashara, lakini mhasibu hawezi kusanifu daraja bila kuanza upya. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya swali hili ilishajibiwa siku tahasusi, yaani mchanganyiko huo wa masomo, ilipochaguliwa, na siku hiyo hakuna aliyekuja kuuliza.

Basi, kwa haraka. Una PCM, hesabu unaziweza na unapenda kujua kitu kinavyofanya kazi: omba uhandisi, chuo cha MUST pale Mbeya au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, biashara utaisoma baadaye. Una PCM lakini fizikia umeivuka kwa taabu na huipendi: nenda uhasibu bila kuona haya, na ulenge CPA tangu mwaka wa kwanza. Una ECA au EGM (uchumi, jiografia, hisabati): uhandisi uache, chuo cha uhasibu cha TIA na CBE vina kampasi Mbeya, na Chuo Kikuu cha Iringa kipo. Unakimbilia biashara kwa kuogopa hesabu: takwimu na uhasibu wa gharama zinakungoja huko huko. Unataka ufundi na umeishia kidato cha nne: kuna vyuo vya ufundi vya VETA, na kuna stashahada ya uhandisi inayoweza kukufikisha kwenye shahada. Unataka kuuza: anza kuuza. Na kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara, uwe mhandisi au mhasibu.

Nawe mzazi mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne: matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili tahasusi. Kaa na mwanao, fungueni Selform, fomu ya mtandaoni ya uchaguzi huo, pamoja kabla dirisha halijafungwa.