Uvimbe Usiouma Usiudharau

Mkulima akijikata mguu kwa jembe huona uchungu, na kwa sababu ya uchungu huo hukifunga kidonda upesi na kutafuta dawa. Lakini uko ugonjwa wa ngozi ambao hauji na uchungu. Huanza kama uvimbe mdogo chini ya ngozi, mgumu kama punje ya mahindi, nao hauumi. Kwa hiyo watu huuacha. Baada ya majuma kadha ngozi hupasuka, na hapo nyama ya ndani imekwisha kuoza. Ugonjwa huu huitwa kidonda cha Buruli. Ninyi wakulima wa Kitale na Bungoma, hasa mnaopanda nduma na mboga kando ya mito na vinamasi, yafaa muujue.

Buruli ni jina la mahali katika nchi ya jirani zetu wa Uganda, karibu na Ziwa Kyoga, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1950 na 1960. Hata kabla ya hapo, mwaka 1897, Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika habari za vidonda vya namna hii. Mwaka 1948 madaktari wa Australia walieleza kijidudu kinachouleta. Leo nchi 33 zimepata kutoa habari za ugonjwa huu, na Kenya ni mojawapo. Kwetu si ugonjwa wa kila siku, na hiyo ndiyo sababu mtu aweza kuuona asiutambue.

Kijidudu chenyewe, Mycobacterium ulcerans, ni cha ukoo mmoja na vile vya kifua kikuu na ukoma. Lakini kifua kikuu hutoka kwa mtu hata kwa mtu, na hiki makao yake ni penye maji na tope. Jambo hili lilionekana huko Kinyara, Uganda, katika miaka ya 1960. Wakimbizi kutoka Rwanda waliokaa karibu na mto Nile waliugua kwa wingi, na walipohamishwa mbali na mahali pale wagonjwa wapya walipungua. Basi mgonjwa asitengwe, wala asinyimwe chakula cha pamoja. Wala ugonjwa huu si uchawi.

Kwa nini hauumi? Kijidudu hiki hutoa sumu ambayo huua nyama chini ya ngozi na kuidhoofisha mishipa ya fahamu, hata mtu asione uchungu. Tena hupenda ubaridi kidogo, digrii 29 mpaka 33, na ndani ya mwili mna joto la digrii 37. Ndiyo maana hukaa kwenye ngozi, na mara nyingi kwenye mikono na miguu. Katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto akichelewa kutibiwa aweza kubaki na kiwiko au goti lisilokunjuka maisha yake yote.

Vijidudu vingine vya ukoo huu navyo huingia katika ngozi. Kiko kimoja kinachokaa katika maji ya samaki. Mwenye bwawa la samaki akichomwa na mwiba wa pezi, aweza kupata uvimbe kidoleni, kisha vivimbe vingine vikapanda mkononi. Vingine hukaa katika maji ya kawaida, na huingia kwa sindano isiyotakaswa. Majuma kadha baada ya sindano hutokea jipu lisilosikia dawa za kawaida. Kwa hiyo usikubali kudungwa sindano na mtu asiye na ruhusa ya kutibu, wala sindano ya kuchanjia ng'ombe isitumiwe kwa mtu hata kidogo.

Ufanye nini basi?

Kwanza, wakague watoto wako wanapooga. Ukiona uvimbe usiouma, au ngozi iliyokauka na kuwa ngumu, au mkono au mguu uliofura bila sababu, au kidonda kisichopona kwa majuma mawili au matatu, nenda kituo cha afya. Wauguzi wa hapo waweza kukupeleka kwenye hospitali kubwa ya Kitale au ya Bungoma.

Pili, usikichanje kidonda, wala usikipake kinyesi cha ng'ombe, majivu au mafuta ya gari.

Tatu, ukipewa dawa, zimalize. Kidonda cha Buruli hutibiwa kwa vidonge vya aina mbili, rifampisini na klarithromaisini, kwa majuma 8. Mkojo ukiwa mwekundu usiogope, ni rangi ya rifampisini. Uvimbe ukiwahiwa, mara nyingi vidonge hivyo hutosha. Ukicheleweshwa, huenda ikabidi daktari akate nyama iliyooza na kubandika ngozi kutoka mahali pengine pa mwili, na mgonjwa akalala hospitali miezi.

Nne, uingiapo kinamasini vaa gambuti na suruali ndefu. Ukirudi, osha kila mkwaruzo kwa maji safi na sabuni, kisha uufunike. Laleni ndani ya chandarua pia. Huko Australia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mbu huueneza ugonjwa huu. Katika Afrika njia yake bado inachunguzwa, lakini chandarua kina faida nyingine tunazozijua sote.

Wazee walisema, dudu liumalo usilipe kidole. Hili lisilouma nalo usilipe nafasi. Nauli ya kwenda kituo cha afya leo ni ndogo kuliko hasara ya msimu mzima bila kushika jembe.