Kuhamia mji wa Kusini mwa Marekani: tutangulize nini, kodi ya nyumba au kibla?

Familia nyingi za Kiislamu zinazosoma gazeti hili zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi Marekani. Aliyeko Seattle, Boston au New York aghalabu hulalamikia jambo moja: kodi ya nyumba humeza mshahara kabla mwezi haujafika katikati. Kisha husikia kwa rafiki kwamba huko Kusini upo mji wa wastani ambako kodi ni nafuu, kazi haziadimiki na Waswahili wapo. Kabla ya kufunga mizigo hupiga simu nyumbani kutaka ushauri wa wazee, dua ya mama na, mara nyingine, barua ya utambulisho kutoka katika msikiti aliokulia. Barua hizo huandikwa na sisi makatibu wa kamati, kwa hiyo swali hutufikia nasi: ahame, au abaki alipo?

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mji mmoja: Louisville, katika jimbo la Kentucky. Ni mji wenye wakazi zaidi ya laki sita, kando ya mto Ohio. Katika miaka ya 1990 walipewa makazi hapo Waislamu waliokimbia vita vya Bosnia. Baadaye wakaja Wasomali, na Wakongomani wasemao Kiswahili. Leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani za watoto wanaojifunza Kiingereza katika shule za serikali za mji huo. Ndiko alikozaliwa bondia Muhammad Ali mwaka 1942, na tangu mwaka 2019 uwanja wa ndege wa mji unaitwa kwa jina lake. Kwa Mwislamu anayetafuta pa kulea watoto, hizo ni habari za kutia moyo, lakini hazitoshi kuwa hoja ya kuhama.

Mizani ya Nabii Ibrahim

Qur'ani Tukufu imetuhifadhia dua ya baba aliyeihamisha familia yake. Katika Sura Ibrahim, aya ya 37, Nabii Ibrahim (amani iwe juu yake) anamweleza Mola wake kwamba amewaweka baadhi ya dhuria zake katika bonde lisilo na mimea. Tutazame mpangilio wa dua yake. Kwanza anataja sala: amewaweka hapo ili waisimamishe. Pili anaomba mioyo ya watu ielekee kwao. Tatu ndipo anapoomba matunda, yaani riziki.

Sisi huupindua mpangilio huo. Tunaanza na matunda, tukipata nafasi tunauliza habari za majirani, na sala tunaikumbuka tukishashusha mizigo. Nionavyo, anayetafakari kuhamia mji kama Louisville afuate mpangilio wa Ibrahim, aulize maswali matatu kwa utaratibu uleule.

Swali la kwanza: je, sala itasimama?

Misikiti ipo Louisville. Lakini kuwapo kwa msikiti mjini ni jambo moja, na kuufikia ni jambo jingine. Miji ya Kusini imejengwa kwa ajili ya wenye magari. Mitaa imetawanyika na mabasi ni machache. Nyumba ya kodi nafuu inaweza kuwa mbali na msikiti kiasi kwamba mtoto hatasikia adhana wala kuhudhuria madrasa ila baba akiwa na nafasi siku ya Jumapili. Kwa hiyo ramani ya kutafutia nyumba ianzie msikitini na kuenea nje, isianzie kwenye tangazo la dalali.

Jambo la pili ni saa. Mwezi wa Juni jua huzama Louisville baada ya saa tatu usiku. Isha huingia baada ya saa nne, na Alfajiri huwa imeingia kabla ya saa kumi na moja. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia ndani ya muda usiozidi saa tano, na muda huo ndio wa kazi na shule. Aliyezoea Tanga au Unguja, ambako nyakati hazitofautiani sana mwaka mzima, aulize mapema kazini ataswali wapi na lini. Sheria ya Marekani ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri azingatie ibada ya mfanyakazi isipokuwa pale panapokuwa na uzito mkubwa kwa kazi, na hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo ya mwaka 2023 imeitilia nguvu haki hiyo. Ombi liandikwe, kwani la mdomo husahaulika msimamizi akibadilishwa.

Swali la pili: je, mioyo ya watu itaelekea kwetu?

Waarabu wana msemo kwamba jirani hutangulia nyumba. Katika mji wa Kusini, neno hilo lina historia nzito. Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa hadi mwaka 1865, na Muhammad Ali alikulia Louisville ya ubaguzi wa rangi wa waziwazi. Hadi leo upande wa magharibi wa mji wanaishi weusi wengi na umaskini ni mkubwa zaidi, ilhali upande wa mashariki una neema zaidi. Mwezi Machi 2020, Breonna Taylor, msichana mweusi wa miaka 26, aliuawa kwa risasi za polisi ndani ya nyumba yake mjini humo, na maandamano yakaendelea kwa miezi. Baba mwenye watoto wa kiume weusi hana budi kulijua jambo hili kabla ya kuhama.

Lakini insafu inatutaka tutaje na upande wa pili. Mwezi Septemba 2015, kuta za kituo cha Kiislamu cha mji huo zilichafuliwa usiku kwa maandishi ya chuki. Siku chache baadaye mamia ya watu, wengi wao wasio Waislamu, walikusanyika pamoja na meya wao, wakashika brashi na kuyafuta kwa rangi. Mji mmoja unabeba mambo yote mawili. Anayesimulia moja na kuficha jingine hamshauri ndugu yake kwa uaminifu.

Hata hivyo, mioyo tunayoihitaji zaidi ni ile ya Waislamu wenzetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofika Madina alijenga msikiti, kisha akaunga undugu baina ya Muhajirina na Ansari. Msikiti bila undugu ungalikuwa kuta na paa tu. Kwa sababu hiyo, kipimo cha jamii hakiwi idadi ya waumini wa Ijumaa. Mwanamke anayetaka kuhama aulize: nikijifungua, nani ataniletea uji? Na aulize pia: akifariki mwanamke hapo, nani humwosha, na huzikwa wapi? Jamii yenye majibu ya haraka kwa maswali hayo imeshakomaa.

Muhammad Ali alipofariki mwaka 2016, sala yake ya jeneza ilisaliwa tarehe 9 Juni katika ukumbi wa Freedom Hall mjini Louisville. Maelfu walihudhuria, na kesho yake akazikwa katika makaburi ya Cave Hill. Dunia nzima ililiona jeneza la Kiislamu katika mji wa Kusini. Lakini sisi tusio mashuhuri hatuzikwi na dunia. Huzikwa na majirani tuliowazoea.

Swali la tatu: je, matunda ni halali, na yatatosha?

Sasa tuje kwenye riziki, ambayo kwa wengi ndiyo sababu ya kuhama. Kazi zipo. Kampuni ya UPS ina hapo kituo chake kikuu cha kupanga mizigo ya ndege, na kazi yake kubwa hufanyika usiku wa manane. Ford ina viwanda viwili vya magari. Kwa wafanyakazi wa usiku wa UPS upo mpango, ulioanza mwaka 1998, unaolipa karo katika Chuo Kikuu cha Louisville na chuo cha jamii cha mji huo. Kijana aliyemaliza sekondari na hataki mkopo wa riba wa masomo anapaswa kuufahamu.

Lakini Kentucky pia ndiyo makao ya pombe iitwayo bourbon, na sehemu kubwa ya pombe hiyo duniani hutengenezwa jimboni humo. Katika mtaa wa Butchertown kipo kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe. Mbio za farasi za Kentucky Derby, zinazofanyika kila mwaka tangu 1875, huleta ajira nyingi za msimu, na kiini chake ni kamari. Anayejiandikisha kwa wakala wa ajira anaweza kupelekwa popote kati ya hapo. Kwa Waislamu hili si jambo dogo. Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, akiwamo anayeibeba na anayeiuza. Anayehama aseme tangu siku ya kwanza kazi asizoweza kuzifanya, na awe na akiba ya kumvusha miezi kadhaa, kwa sababu mwenye njaa huona kila mlango ni halali. Aliyefikwa na dharura amwendee mwanachuoni, asijitolee fatwa mwenyewe.

Zipo pia hesabu. Tuseme kodi inapungua dola 800 kwa mwezi. Alikotoka familia ilitosheka na treni; huku baba na mama kila mmoja anahitaji gari. Gari la pili, bima yake na mafuta vikila dola 600, faida iliyobaki ni dola 200. Na tuulize kwa nini nyumba ni rahisi. Magharibi mwa Louisville lipo eneo la viwanda vya kemikali liitwalo Rubbertown, na wakazi wa karibu wamelalamikia hewa yake kwa miaka mingi. Kodi inayookolewa isije ikalipwa kwa kifua cha mtoto.

Shule nazo zina hesabu yake. Siku ya kwanza ya masomo, Agosti 2023, usafiri wa mabasi ya shule za serikali mjini humo ulivurugika, baadhi ya watoto wakafika nyumbani karibu na saa nne usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata mabasi ya wanafunzi wa shule nyingi za kuchaguliwa yaliondolewa. Baba akilala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, na mama akiwa kazini, nani atampeleka mtoto na kumrudisha? Swali hilo lijibiwe kabla ya kuhama.

Ama anayevutwa na ndoto ya kumiliki nyumba, akumbuke kwamba bei nafuu haiihalalishi riba. Zipo Marekani taasisi zinazouza nyumba kwa utaratibu wa murabaha au ushirika unaopungua. Aulize kama zinahudumia Kentucky, na mkataba ausomeshe kwa mwanachuoni kabla ya kutia saini.

Shura kwanza, istikhara pamoja nayo

Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwamba mambo yao ni kwa kushauriana. Bibi Hajar, alipoachwa katika lile bonde, alimuuliza mumewe kama Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwamuru. Alipojibiwa ndiyo, akatulia. Ikiwa Bibi Hajar aliuliza, mke wa leo ana haki ya kuuliza na kujibiwa, na mtoto wa miaka kumi na mitatu anayekatwa na rafiki zake naye asikilizwe. Mume anayerudi na mkataba wa nyumba uliokwisha kusainiwa hajafanya shura, ametoa taarifa.

Istikhara nayo haichukui nafasi ya utafiti. Anayeisali humwomba Mola amchagulie katika jambo alilokwisha kulitia nia. Basi alijue kwanza jambo lenyewe. Ikiwezekana, atangulie mmoja akae wiki mbili. Aswali Ijumaa pale, apande basi asubuhi ya baridi, aizunguke mitaa usiku, aongee na walioridhika na pia na waliokwisha kuondoka. Na asiye raia asisahau kwamba sheria ya uhamiaji inamtaka atoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10.

Nasi tulioko nyumbani tuna wajibu. Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Anayehama kutafuta soko la halali tumwombee vivyo hivyo. Lakini tusimhimize kuhama kwa kuwa mtoto wa jirani amehama na sasa anatuma fedha nyingi zaidi. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wazee wetu. Familia moja itastawi Louisville kwa sababu imepata nyumba karibu na msikiti, zamu ya mchana na majirani wema. Nyingine, kwa kodi ileile, itapoteza sala, watoto na ndoa.

Basi atakapopiga simu kutaka dua, tusikimbilie kumuuliza atalipwa kiasi gani. Tumuulize ataswali wapi, ataishi na nani, kisha atakula nini. Akiwa na majibu ya yote matatu, tumwandikie barua yake, tumwombee safari njema. Akiwa na jibu la la mwisho tu, tumwambie kwa upole asubiri.

Wabillahi tawfiq.